Jiwe la Kuonea Ziwa

Huwa nakimbia asubuhi hapa Makambako, kabla malori ya mbao hayajaanza kunitimulia vumbi. Madereva wananijua. Wengine hunipigia honi, wengine huuliza nani ananifukuza, nami huwajibu kwamba nafukuzwa na uzee na bado haujanipata. Nina nyumba ya wageni njia panda, nina magoti mazuri, na nina mdomo usio na breki. Magoti ndiyo yaliyonifikisha kwenye njia ya mama. Mdomo ndio ulioniharibia.

Njia yenyewe iko kwetu Makete, kwenye msitu wa milima inayotazama Ziwa Nyasa. Zamani, kabla ya barabara, watu wa mlimani walishuka humo na viazi na ngano kichwani, na wanawake wa ziwani wakapanda na vyungu na samaki wakavu. Walikutana kwenye uwazi mdogo katikati ya msitu, wakabadilishana, kila mtu akarudi kwao. Mbele kidogo ya uwazi huo njia inapiga kona, na baada ya kona kuna jiwe kubwa. Ukisimama juu yake, ziwa lote liko chini yako. Basi desturi ilikuwa hivi: anayekwenda mara ya kwanza hutangulizwa peke yake hadi kwenye jiwe. Waliomleta hubaki nyuma ya kona wakimsubiri, na akirudi wanamwuliza, "Umeliona?"

Dada yangu alipelekwa na mama akiwa bado msichana mdogo. Ilikuwa safari ya mwisho ya mama, kwa sababu alikuwa mjamzito, na mimba hiyo ndiyo mimi. Baadaye barabara ikafika, samaki wakaanza kuletwa na malori mpaka mlangoni, na njia ikaachiwa mianzi na ngedere. Mama aliisimulia siku ile mpaka anaingia kaburini. Jinsi mwanawe alivyorudi kutoka kwenye jiwe, jinsi alivyosema, "Nimeliona, mama, ni kubwa." Hakuna mgeni aliyekula kwetu bila kusimuliwa. Nami nimekaa pembeni namenya viazi, roho inaniuma. Nilikuwepo, lakini nilikuwa tumboni. Nimemwonea dada wivu kwa jambo hilo maisha yangu yote, na sisemi uongo.

Nilipoanza kukimbia ukubwani, kelele zangu zikawa hizo hizo kila siku: dada, nipeleke kwenye njia ya mama. Yeye ameolewa Kifanya, ana shamba la miti na parachichi. Mwaka mmoja anasema tupande miti kwanza, mwaka unaofuata mimi ndiye nasema wageni wamejaa. Mama akafa tukiwa bado tunapangiana. Mwaka juzi ndipo tukaenda.

Mtu asikudanganye kwamba kukimbia kwenye barabara za mashamba ya mipaina ni kukimbia. Kule ardhi imelala. Kwenye njia ya mama mizizi imevuka kila mahali, mianzi imeangukiana, na majani yaliyooza yanateleza mpaka unajikuta umekaa chini bila kukaribishwa. Na mteremko hauishi. Mapafu yangu ya nyanda za juu hayakuwa na tabu. Mapaja ndiyo yaliyotetemeka, maana sisi tumezoea kupanda, hatujui kushuka. Nilikuwa nakimbia mbele, kisha narudi kumwangalia dada. Yeye alikuja na fimbo yake, anatembea, pakifaa anakimbia kidogo, ananicheka. Nilimwona goti limeanza kuvimba. Hakulitaja, nami sikuuliza.

Tulipofika kwenye uwazi, palikuwa pameota majani yanayowasha mpaka kiunoni. Dada akafyeka kidogo kwa fimbo, akasimama.

"Nenda," akasema. "Mimi nakusubiri hapa."

Nilipiga kona mbio. Nikapanda juu ya jiwe. Ukungu, mzito kama uji. Sikuona ziwa, sikuona bonde, hata miti iliyo chini ya jiwe sikuiona. Nilirudi nimekasirika, sijui nilimkasirikia nani.

"Umeliona?" dada akauliza.

"Nimeona shuka jeupe."

Akacheka, akatafuta gogo, akakaa. "Basi tusubiri kidogo."

Nikatazama saa. Nikatazama goti lake, nikanusa mvua, nikafikiria ule mlima wote unaotusubiri kuupanda. "Dada, tutarudi mwakani," nikamwambia. "Ziwa halihami."

"Kidogo tu, mdogo wangu."

Nilimwokotea fimbo nikamtia mkononi. Ndivyo nilivyofanya. Njiani aligeuka nyuma mara kwa mara, nikamfokea aangalie anapokanyaga. Mvua ilitunyeshea kabla hatujatoka msituni, na kijijini kila mtu alinisifu kwa kuwa na akili. Nami nikajiona nina akili kweli.

Hiyo mwakani haikuja. Goti lilipopoa nyonga ikaanza, na daktari akamwambia asahau milima. Siku hizi kutoka chumbani hadi jikoni ni safari. Nilikwenda Kifanya kumwona, nikamkuta amekaa kwenye kigoda anachambua maharage. Katika kumfariji, mdomo wangu ukasema, "Wewe angalau uliliona, na mama akiwepo."

Aliendelea kuchambua. Kisha akasema, taratibu, "Sikuliona."

Nilidhani nimesikia vibaya.

"Siku ile na mama kulikuwa na ukungu kama ule. Niliporudi nilimkuta amesimama pale na mzigo kichwani na tumbo lile, amechoka, na bado anatabasamu. Akaniuliza. Ningemwambia nini? Nikamwambia nimeliona. Halafu akaanza kuwasimulia watu, nikashindwa kurudi nyuma."

"Kwa hiyo tulipokwenda..."

"Nilitaka kuliona," dada akasema, akatupa maharage mabovu kando.

Sikuwa na pa kuweka uso wangu. Nilimwambia nitamchukua kwa gari, tuzungukie Mbeya hadi ufukweni, aliguse kabisa. Akasema kama ni maji ya kutazama kutoka kwenye gari, bwawa lipo hapo chini ya shamba. Alinitania, na utani ule uliniuma kuliko kama angenitukana.

Mwaka huu nimekwenda peke yangu. Nilikimbia njia nzima na sikufurahia hata hatua moja. Pale kwenye uwazi gogo bado lipo. Nilipiga kona hakuna anayenisubiri, nikapanda juu ya jiwe.

Anga ilikuwa safi. Ziwa lilikuwepo lote, la bluu, na ng'ambo nikaona milima ya watu wengine. Ni kubwa kweli. Nikalia, mtu mzima mimi, jasho na machozi vikachanganyika. Simu ilikuwa na mtandao, nikampigia dada kabla sijajua nitasema nini.

"Nipo kwenye jiwe," nikamwambia.

Nilisikia kuku wake wanalia nyuma. "Umeliona?"

Nilifungua mdomo, mdomo huu unaojibu kila dereva, na ukweli ukagoma kutoka. Singeweza kuliona bila yeye.

"Hapana, dada," nikasema. "Kuna ukungu."

"Basi tusubiri kidogo," akasema.

Nikakaa chini juu ya jiwe, simu sikioni, ziwa lote likiwa mbele yangu, tukasubiri.