Shangazi wa Chumba Namba Tisa

Siku ya kwanza fundi kumwona, mwanamke yule alikuwa amesimama dirishani, ameinua kipande cha mti kwenye mwanga na kukigeuzageuza kama mtu anayechagua muwa. Kilikuwa na urefu wa shibiri hivi, mviringo, kimepauka kwa kushikwashikwa. Fundi alisimama mlangoni na kisanduku chake cha vifaa. Mlinzi wa kituo cha afya alikuwa amemwambia tu kwamba chumba namba tisa kuna kazi ya mbao, naye akadhani ni kitasa, au mguu wa kiti.

“Karibu, fundi. Hiki kimezeeka,” alisema yule mwanamke. “Kimeota vibanzi, kila nikikivalisha mpira unachanika. Nataka vipya sita, laini kabisa.”

“Mpira gani, dada?”

“Kondomu, fundi.”

Hapo fundi alikitazama kile kipande mara ya pili na kukielewa. Futi yake ya kupimia ilimponyoka mkononi, ikabingirika mpaka chini ya meza. Aliinama kuitafuta, akakaa huko chini muda mrefu kuliko kazi ya kuokota futi inavyohitaji.

Tumwonee huruma. Alikuwa na miaka arobaini na tisa, elimu yake darasa la saba, na aibu yake ilikuwa ya chuo kikuu. Akienda kwa mshonaji kupimwa suruali, alitazama dari mpaka kazi iishe. Na sasa alikuwa amepewa kipande kile akiweke mfukoni kama mfano, apite nacho getini.

“Eh, fundi!” mlinzi alimpigia kelele. “Na wewe umeenda tisa? Hongera, mzee mzima!”

“Nimeitwa kazi.”

“Wote huwa wanasema wameitwa kazi.”

Kwenda tisa, mtaani pale, kulikuwa na maana moja. Chumba namba tisa kilikuwa cha ushauri wa afya ya uzazi, na mnasihi wake aliitwa Shangazi Tisa na kila mtu, hata na wazee waliomzidi miaka ishirini. Alikuwa mwembamba, mwenye kicheko kikubwa kuliko mwili wake, na akishakaa tu alivua raba zake na kuzisukumia chini ya kiti. Meza alikuwa ameiegemeza ukutani. Viti vyake viwili vilielekea dirishani, ubavu kwa ubavu, kama vya abiria wa safari moja. Alikuwa na msemo wake kwamba mambo ya chumbani hayasemeki macho kwa macho, na kwamba mtu akiwa na dirisha la kutazama, ulimi wake hufunguka wenyewe.

Alianzia kituoni hapo kama mwandika kadi. Kisha dada yake mkubwa akafa akijifungua mtoto wa sita, na shemeji yake akabaki anarudia neno moja msibani: “Sikujua, jamani, sikujua.” Wala hakuwa mtu mbaya. Alikuwa hajui kweli, na dada hakuwahi kumwambia. Baada ya arobaini, mwandika kadi akaomba nafasi ya kusomea uuguzi. Aliporudi na cheti chake hakuomba wodi wala dawa. Aliomba chumba chenye viti viwili.

Fundi aliyajua haya kidogo kidogo, maana kazi ile haikwisha kwa siku moja. Vile vipande vya kwanza viwili alivyopeleka vilikuwa vimenakshiwa, vina shingo, vina pete, na chini vimepanuka vizuri vikasimama wima.

Shangazi Tisa alivipanga dirishani, akavitazama, akaanza kucheka mpaka akashika mbavu.

“Fundi, hii si miguu ya meza?”

“Niliona... visipotisha watu, ni vizuri.”

“Vinatisha hivi! Kijana akiona pete hizi atadhani ana upungufu. Nifanyie cha kawaida, fundi. Cha mtu wa kawaida, siku ya kawaida.”

Basi akaambiwa akae kibarazani nyuma ya chumba, apige msasa pale pale wagonjwa wakishaondoka, ili shangazi amrekebishe kabla hajapotea tena kwenye nakshi. Mchana ule fundi alipiga msasa, na Shangazi Tisa alikaa kizingitini miguu peku, anajaza fomu zake. Hawakutazamana. Vumbi la mti lilikuwa linanukia vizuri.

Mikono ikiwa kazini, kinywa kilimtoroka.

“Shangazi, hizi njia mnazofundisha... mtu akikaa mbali na mkewe kabisa, asimguse, hiyo nayo ni njia?”

“Ni njia.” Kalamu yake haikusimama. “Mkewe anajua kwamba ni njia?”

Fundi alipiga msasa mahali pamoja mpaka akaharibu umbo.

Mkewe alikuwa hajui. Mwaka na nusu uliopita, mtoto wao wa tatu alipotolewa kwa upasuaji kama wawili waliomtangulia, mama alipoteza damu nyingi. Daktari alimvuta fundi pembeni, kwenye korido, mama angali amelala kwa dawa, akamwambia, “Tumbo hili lisibebe tena. Safari hii tumebahatika.” Fundi alilibeba neno hilo peke yake, kama gogo begani. Aliogopa kumtisha mkewe. Sindano ya uzazi wa mpango ilikuwa imeshamtoa damu wiki sita mfululizo baada ya mtoto wa pili, vidonge vilimpandisha presha, na zaidi ya hapo fundi hakujua cha kuuliza wala wa kumuuliza. Akafanya alichokiweza. Alisema mgongo unamuuma, akahamia sebuleni.

Kosa lake lilikuwa la kifundi. Mtu mwingine angetupa mkeka sakafuni. Yeye alijitengenezea benchi la urefu wake kamili, mbao safi, kichwani limeinuliwa kwa mchongo, pembeni limewekwa kijishubaka cha miwani. Mkewe alilizunguka lile benchi siku ya kwanza. Mgongo unaouma, aliwaza, hauhitaji shubaka. Mwanamume anayejitengenezea kitanda kizuri namna hii hana nia ya kurudi.

Kuanzia hapo alianza kunusa mashati. Na wiki ile ile fundi alipopata kazi ya chumba namba tisa, alikuwa ameshamwambia wazi, “Baba watoto, mwisho wa mwezi narudi kwetu. Nimpishe huyo mwenzangu, asije akaona namziba njia.”

“Hakuna mwenzako, mama watoto.”

“Basi nieleze.”

Fundi alifungua mdomo. Akaona ukuta, akaona saa, akaona watoto wanapita. Akasema, “Mgongo.”

Siku zilikuwa zimebaki kumi na mbili.

“Hilo si langu kumwambia,” Shangazi Tisa alisema kizingitini, fundi alipokwisha kumweleza yote, kwa sauti ndogo, akiuambia msasa. “Ukimleta, nitawakalisha wote. Lakini la kwanza litoke kwako.”

“Nitalisemaje?”

“Kama ulivyolisema sasa hivi. Hujatumia hata dakika tano, nimeangalia.”

Akaenda nyumbani nalo. Likakaa mdomoni usiku kucha. Asubuhi akalimeza na chai.

Mkewe alimuuliza tu ana kazi gani hasa huko kituoni isiyokwisha. Fundi akajibu kwamba anachonga vishikio vya droo.

Alhamisi, fundi akiwa amekwenda kuonyesha kipande cha sita, mkewe aliingiza ufagio chini ya lile benchi, ufagio ukagonga kitu. Alivuta mfuko wa kitambaa, akaufungua. Vitano, vimelala safi, vinang'aa kwa nta aliyokuwa akivipaka usiku. Aliketi juu ya benchi. Akavitoa kimoja kimoja, akavirudisha. Kisha akajifunga khanga kiunoni, akamkabidhi jirani mtoto, akashika njia.

Mlinzi alijaribu kumuuliza anaenda wapi.

“Tisa!” alijibu bila kusimama, na mlinzi akampisha njia haraka.

Mlango wa chumba namba tisa ulifunguka kwa nguvu. Fundi alikuwa amekaa kiti cha kushoto, Shangazi Tisa cha kulia, raba zake chini, miguu peku. Mkewe alitazama ile miguu kwanza. Kisha akaumwaga mfuko wote mezani.

“Baba watoto. Vishikio hivi ni vya droo gani?”

Kimoja kilibingirika, kikaanguka, na hakuna aliyeinama.

“Ni mali ya kituo, dada,” alisema Shangazi Tisa taratibu. “Ni vya kufundishia. Mimi ndiye niliyeviagiza.”

“Kwa hiyo ni wewe.”

“Niliyeviagiza, ndiyo.”

“Unamwagiza mume wangu vitu hivi! Mwaka na nusu mtu analala sebuleni kama mgeni, hanigusi, haniangalii, kumbe ana chumba chake huku, na viatu vimevuliwa kabisa! Dada mzima, na koti lako jeupe, huoni haya kuvunja nyumba ya mwenzako?”

Mlango ulikuwa bado wazi. Wanawake watatu waliokuwa wanasubiri zamu yao walikuwa wamesogea mpaka mwisho wa benchi la korido, na fundi alijua mpaka jioni mtaa mzima utakuwa na habari kwamba Shangazi Tisa anaiba waume.

Shangazi Tisa angeweza kujitoa kwa sentensi moja. Alikuwa nayo yote, tangu korido ya daktari mpaka shubaka la miwani. Fundi alimwona akiishikilia. Macho akayaelekeza dirishani.

“Dada, mambo ya mtu mimi siwezi kuyasema kwa niaba yake,” alisema. “Hata ukinitukana. Kaa kwenye kiti changu. Naenda kuchota maji.”

Akatoka peku, akaurudisha mlango nyuma yake, na fundi akamsikia akiwaambia wale wa kwenye korido, “Haya, sogeeni huko, hapa si senema.”

Mkewe hakukaa.

“Sema,” alisema.

Fundi alitazama dirisha. Nje palikuwa na kamba ya nguo yenye mashuka mawili ya wodi.

“Daktari alisema ukibeba tena utakufa,” alisema. “Ulipopoteza ile damu. Aliniambia mimi tu. Nikaogopa kukuambia. Nikaogopa na kulala karibu yako, maana mimi... mimi najijua, mama watoto. Ningesahau.”

Mkewe alikaa.

Sasa walikuwa ubavu kwa ubavu, na kwenye korido wanawake wawili walikata tamaa, wakaenda zao. Kisha mkewe akachukua kipande kimoja pale mezani na kumpiga nacho begani, si kwa nguvu sana.

“Mwaka na nusu! Nimenusa mashati yako mpaka pua imeota sugu. Mwili ni wangu, tumbo ni langu, na wewe unalijua peke yako? Ungeniambia tungelia siku mbili, ya tatu tukatafuta dawa!”

“Ndiyo.”

“Usiniambie ndiyo!”

“Basi hapana.”

Hapo ndipo Shangazi Tisa aliporudi na jagi la maji akamkuta mwanamke anacheka na kulia kwa pamoja, na fundi anajipangusa uso kwa kofia yake. Alivuta kigoda, akakaa mbele yao.

“Wahenga walisema mficha uchi hazai,” alisema. “Ila hapa kwangu, hata asiyetaka kuzaa asifiche. Haya, tuanze upya.”

“Dada, yale niliyosema...” mke wa fundi alianza.

“Yameshapita. Nimeitwa vibaya zaidi na watu waliokuja kwa amani.”

Akawaeleza njia zote, moja baada ya nyingine, faida yake na adha yake. Kitanzi mke wa fundi hakukitaka, wala hakulazimishwa kutoa sababu. Vijiti vya mkononi alivikataa pia, dawa za homoni zimemtosha. Kufungwa yeye kizazi kulimaanisha kisu tena, na tumbo lile lilikuwa limeshaona visu vitatu.

“Na mimi je?” fundi aliuliza.

“Wewe inawezekana. Sindano ya ganzi, dakika ishirini, unarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Mirija ya mbegu inafungwa, basi. Ila ni ya kudumu, msije kunililia kesho.”

Fundi alikohoa. “Na... nguvu?”

“Nguvu, hamu, vyote vinabaki. Mbegu tu hazisafiri.”

Shangazi Tisa hakuwakubalia kuamua siku hiyo. Aliwarudisha nyumbani wakafikiri wiki nzima, na akawapa kondomu za kutumia. Kwa kuvalisha, fundi hakuhitaji mafunzo. Siku ya mwisho wa mwezi, badala ya kwenda kwao, mkewe alimsindikiza fundi kituoni kufungwa mirija na kumshikia kofia. Fundi alipumzika siku mbili, akakatazwa kunyanyua mbao wiki nzima, akaambiwa arudi baada ya miezi mitatu kupimwa kama njia imefungwa kabisa.

Siku ya majibu ndiyo waliyoonana mwisho na Shangazi Tisa. Wiki iliyofuata alihamishiwa kituo kingine cha mbali, na chumba kikapata kijana mpole aliyerudisha meza katikati. Siku ile, majibu yalikuwa safi. Shangazi aliyasoma, akawapa mkono wote wawili. Fundi akaanza kusema. Alisema jinsi alivyomweleza fundi mwenzake mambo ya mirija, na jinsi mwenzake alivyobisha. Alisema mkewe naye halali vizuri siku hizi, ana kitu kinamsumbua, labda ni joto, labda ni mtoto anaota meno. Mkewe alifungua mdomo. Fundi akasema wanaume wengi hawaji tisa kwa sababu hawajui, na yeye angeweza kuwaambia, hata kwenye mkutano, akiitwa. Mkewe alifungua mdomo tena.

Shangazi Tisa aliinua kiganja.

“Fundi, ngoja kwanza. Mama alikuwa anasema.”