Mama na Kioo Cheusi

Nyumba yetu ya Kiamunyi ina watu wazima wawili na dini moja, lakini kwa mambo ya simu tuna madhehebu mawili. Mimi ni wa kioo cheupe. Karatasi ni nyeupe, wino ni mweusi, hivyo ndivyo nilivyofundishwa kusoma na hivyo ndivyo nitakavyozeeka. Mume wangu, ambaye anafundisha chuoni Njoro, amegeuza kila kitu chake kiwe cheusi chenye maandishi meupe: simu, kompyuta, hata saa ya mkononi. Nikimkuta kwenye kochi anasoma ndani ya lile giza lake, namuuliza, "Kwani leo tuko matanga ya nani?" Naye anajibu bila kuinua kichwa, "Wewe endelea kuchoma macho." Tumebishana hivyo tangu tuoane, na haki ya Mungu sikuwahi kufikiria nitashindwa.

Aliyenishinda ni mama yangu.

Mama anaishi Mau Narok, analima viazi, na kanisani kwao yeye ndiye msomaji. Siku ya mavuno hasa, somo ni lake tangu nikiwa mtoto. Mwaka jana mtoto wa jicho akamwingia macho yote mawili. Daktari wa mjini alimpa tarehe ya upasuaji, lakini tarehe yenyewe ilikuwa baada ya mavuno. Herufi za kitabu zikawa kwake ukungu mtupu, miwani haisaidii. Mzee wa kanisa, mtu mpole, akamwambia apumzike, atatafutwa mwingine asome. Mama akanipigia.

"Wamesema nipumzike," akasema, kisha akakata simu. Mama yangu hakati simu bila kuniombea. Nikajua ameumia.

Aki niliwaka! Nikachukua tableti yetu, nikatia Biblia nzima ndani, nikafungua somo lake, nikakuza herufi mpaka maneno mawili yakajaza mstari, nikaongeza mwanga hadi mwisho. Jumamosi mimi na mume wangu tukapanda Mau Narok, nikiimba njia nzima. Nikamwekea mama tableti mapajani pale jikoni. Akaitazama, akajikinga uso kwa kiganja.

"Wee! Mbona unanimulika tochi?"

Nikapunguza mwanga, herufi zikapotea. Nikaongeza, machozi yakamtoka. Nikaanza kuigombeza tableti kama mbuzi aliyeingia shambani. Mume wangu, ambaye mbele ya mama mkwe huwa mpole kama kondoo, akakohoa.

"Samahani, mum. Naomba nijaribu kitu." Akabonyeza mara moja, kioo kikawa cheusi ti.

Mama akainama. Kidole chake kikaanza kutembea, midomo ikafuata, kisha sauti ikatoka, ile sauti yake ya kanisani ambayo sikuwa nimeisikia kwa miezi.

"Ubao!" akapiga kelele. "Mwalimu, hii ni ubao! Na hii ni chaki! Mimi nilifundishwa kusoma hivi!"

Nilipiga vigelegele mpaka kuku wakatawanyika uani. Nikamkumbatia mama, nikamkumbatia hata yule msaliti wa Njoro, aliyekuwa akichekea chai yake.

"Sema tu," nikamwambia.

"Sijasema kitu."

Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani, na mimi siku hiyo nilishindwa nikirukaruka. Mama alisoma jioni yote kando ya jiko. Alipotosheka akampigia mzee wa kanisa. "Huyo mwingine," akamwambia, "mwambie apumzike yeye."

Sasa, kule kwetu siku ya mavuno hatuabudu ndani ya kanisa. Mazao hayatoshei. Yanapangwa nje kwenye nyasi, magunia ya viazi, ngano, kabichi, kondoo amefungwa kamba, na msomaji husimama katikati yake, juani. Nimezaliwa huko, nalijua hilo. Mama analijua kunishinda. Lakini sisi tulikuwa tumefanya mazoezi jikoni, ambako moshi umepaka kuta rangi yake, na furaha ikatusahaulisha jua.

Kesho yake mama akasimama na kilemba chake cha buluu, akainua tableti. Jua la Mau Narok ni la ajabu, mgongo unasikia baridi na uso unaungua. Kile kioo cheusi kikamrudishia sura yake mwenyewe na anga lote nyuma yake. Hakuna herufi hata moja. Nikakimbia mbele. Nikaongeza mwanga, wapi! Nikageuza kiwe cheupe, akafumba macho kama aliyetiwa pilipili. Nikakirudisha cheusi. Watu wakaanza kuguna.

"Si useme tu kwa kichwa, mama?" mwanamke mmoja akamwambia kwa huruma. "Kwani somo hulijui?"

Alilijua, neno kwa neno. Lakini akatikisa kichwa. "Nimeitwa kusoma," akasema. "Sijaitwa kukariri." Mikono yake ikaanza kushuka. Mzee wa kanisa akainuka polepole kwenye benchi, akifungua kitabu chake. Moyo uliniuma jamani.

Nikavua leso kiunoni, nikaiinua juu ya kichwa cha mama. "Akina mama! Leso!"

Hakuna aliyeuliza ya nini. Kwetu mwanamke akishikwa na uchungu wa kuzaa barabarani, huhitaji kuelezwa kitu. Unavua leso, unasimama, unamsitiri. Wakaja mbio, wanene kwa wembamba, wakamzunguka, leso zikapanda pande zote na juu. Ndani mle pakawa na giza la jikoni. Nikamsikia mama akivuta pumzi.

"Hapo," akasema. "Hapo hapo."

Akasoma! Wueh, alisoma! Watu hawakumwona, walimsikia tu, sauti inatoka kwenye lile hema la leso mpaka kule nyuma kwa kondoo. Mume wangu akaja kushika pembe iliyokuwa imelegea. "Kioo cheusi," akaninong'onezea.

"Nyamaza ushike," nikamwambia, nikilia na kucheka.

Somo likafika mwisho. Nalijua mwisho wake, nilingoja tu amina tushushe mikono. Mama hakusema amina. Akasukuma maandishi kwa kidole, akaanza sura inayofuata, ambayo haikuwa ya siku hiyo wala ya msomaji yeyote. Mikono yetu ikaanza kuchoka. Nikamtazama mzee wa kanisa, maana ndiye mwenye ruhusa ya kumkatiza. Alikuwa bado amesimama. Akafunga kitabu chake, akakiweka kwenye benchi, akaja akashika leso.