Doa Jekundu la Mwalimu Anitha

Mwalimu Anitha Ndahani wa Nzuguni hakuwahi kuogopa damu wala maiti, lakini kishikwambi kilimtoa jasho. Chuo cha uuguzi alichofundisha kilimwalika Ibrahimu, mchoraji kijana kutoka Kondoa, awafunze wakufunzi kuchora picha za masomo kidijitali. Siku ya kwanza Anitha alishika ile kalamu kama mtu aliyekabidhiwa mkia wa nyoka.

Ibrahimu alikuwa na subira. "Mama, fikiria karatasi za plastiki unazoweza kuona upande wa pili," alimwambia. "Mwili uchore tabaka moja, alama iweke tabaka lingine. Ukikosea alama, mwili hauguswi."

Juma la pili Anitha akachora tako la kulia la mtu mzima, akaweka doa jekundu juu, upande wa nje, pale panapochomwa sindano. Picha ilimpendeza mno. Maelezo yalipokosa nafasi, akaugeuza mwili uelekee upande wa pili, akaandika, akaituma kwenye kundi la WhatsApp la wanafunzi wake waliokuwa fildi, kwenye mafunzo ya vitendo.

Kesho yake Ibrahimu aliionyesha picha hiyo ukutani wenzake waione. Tabasamu likamfia Anitha mdomoni. Mwili ulikuwa umegeuka, doa halikugeuka. Lilikuwa kwenye tabaka lake, limebaki palepale, na sasa lilikaa upande wa ndani, kwenye njia ya mshipa mkubwa wa fahamu unaoshuka mguuni.

Alichukua simu, akaifuta picha kwenye kundi. Chini yake palikuwa na ujumbe wa Sabrina, mwanafunzi aliyekuwa zahanati moja upande wa Haneti: *Asante mwalimu, nimeichapisha, nimebandika chumba cha sindano.*

Simu ya Sabrina haikupatikana. Ibrahimu akachukua ufunguo wa gari lake bila kuulizwa.

Njiani Anitha aliona miguu tu: ya wanawake waliopalilia uwele, ya wachungaji nyuma ya ng'ombe wao. Kila mguu uliotembea vizuri aliushukuru.

"Shikamoo mwalimu, mbona ghafla..." Sabrina alianza walipoingia zahanati. Anitha alimpita, akaibandua picha ukutani.

"Umemchoma nani kwa kufuata hii?"

"Mzee Elieza peke yake, asubuhi. Muuguzi alikuwa anazalisha." Binti akaitazama picha. "Mzee alisema mguu umepigwa shoti kama ya umeme. Nikachomoa. Akasema amepata nafuu, akaondoka."

Sabrina akawaongoza, wakamkuta mzee ameketi kando ya shamba lake, fimbo mapajani.

"Mbukwenyi, baba," Anitha alimsalimu Kigogo, akapiga magoti.

Mzee akaitikia. "Mguu huu leo umenikataa, mwanangu."

"Uvute unyayo juu, baba."

Unyayo ulilala.

"Tena, baba. Tafadhali."

Kidole gumba kikacheza, kidogo sana, kisha kikatulia. Anitha hakuthubutu kufurahi. Akasema, "Baba, kosa si la binti huyu. Mimi ndiye niliyechora vibaya."

Mzee Elieza alilitazama shamba. "Sasa nitalima na nini?"

Walimbeba hadi garini, wakampeleka hospitali mjini.

Mguu ulirudi taratibu, kwa mazoezi ya miezi mingi, na hadi leo mzee akichoka huuburuta. Chuoni waliweka utaratibu: picha haitoki kabla mtu wa pili hajaikagua. Anitha hakuacha kuchora. Siku hizi huwafundisha wakufunzi wengine pamoja na Ibrahimu, na kila anapofikia kitufe cha kutuma, humvuta aliye karibu: "Hebu niangalizie."

Sabrina ndiye aliyechukua muda zaidi kurudi katika hali yake. Majuma kadhaa alikataa kabisa kushika bomba la sindano. Siku alipokubali, Anitha alisimama begani kwake, na mgonjwa akawauliza kwa nini wote wawili wanatetemeka.