Siku Niliyogawa Ufunguo Nikabaki na Neno

Mjomba wangu, yule aliyetulea Kigoma wakati wa ukimbizi, alikuwa na radio moja kubwa ya mbao, na amri yake ilikuwa fupi: asiguse mtu. Kuwasha yeye, kuzima yeye, hata kuipangusa vumbi yeye (kwa shati lake la Ijumaa, shangazi alinuna sana). Basi mchana mmoja akaitwa ghafla mwaloni, akatoka mbio, radio ikabaki inasema, mara stesheni ikapotea ikawa inalia tu shiii, shiii, na sisi nyumba nzima, shangazi, bibi, watoto, mpaka jirani aliyekuja kuomba chumvi, tukakaa tunaisikiliza ile shiii kwa adabu kama watu waliokuja kusikia mawaidha, mpaka betri zikafa. Mjomba kurudi, akapiga kelele, "Nyinyi mna wazimu? Kwa nini hamkuzima?" Bibi akamjibu, "Ulituruhusu lini?"

Nimecheka habari hiyo miaka mingi. Sikujua kwamba na mimi yangu inakuja, tena mbele ya watu, tena kichwa kinachuruzika. Watu wa mji wetu, Rumonge, wanaijua yote na kila mmoja anaongeza chumvi yake, kwa hiyo bora muisikie kwangu mwenyewe niliyeaibika.

Nilikuwa kapita, msimamizi, kwenye uwanja wa kuanikia ndagala, dagaa wetu, hapa kando ya ziwa. Uwanja ni wa bamama walioungana, mimi walinichagua kwa sababu ya umri na sauti (shule niliiacha mapema, mwalimu alifurahi kuliko mimi). Na kazi niliipenda mno, hapo ndipo ugonjwa ulipoanzia. Mama akigeuza ndagala kwenye kichanja, niko mgongoni mwake: "Taratibu! Geuza! Siyo hivyo!" Akifagia, nachukua ufagio nimwonyeshe. Shitingi zetu, yale maturubai ya kufunika samaki mvua ikija, nilizifungia stoo, maana mji huu shitingi ni ndugu ya kila mtu, iko harusi wanaazima, iko matanga wanaazima, inarudi imetoboka na inanuka mafuta ya mawese. Ufunguo nilivaa shingoni. Nilikuwa naoga nao.

Mke wangu ndiye aliyechoka kwanza. "Baba Asha," akaniambia, "hata usingizini unasema geuza, geuza. Wale bamama iko na mikono, iko na macho. Gawa kazi, mume wangu, utakufa na wale samaki." Nikaona ana haki.

Sasa wakati huo ziwa lilikuwa limefungwa muda, samaki wapate kuzaa, na ndiyo kwanza limefunguliwa. Ndagala za kwanza! Bamama wote walianika pamoja, kila mmoja na alichopata, kwa sababu alasiri ile alikuwa anakuja mfanyabiashara mmoja, mama wa Gitega, kutuona. Akipenda, atanunua kwetu msimu mzima. Asipopenda, anakwenda uwanja wa Gitaza, na watu wa Gitaza walikuwa wameshaanza kutabasamu.

Asubuhi hiyo nikajitazama kwenye kioo, mvi tupu. Nikasema, shefu wa uwanja hawezi kupokea mgeni na kichwa cheupe kama unga wa muhogo, ngoja niende saluni nipakwe kanta kidogo, niwe mweusi kama kijana. Na kazi je? Nitaigawa! Nikawaita bamama wote, nikavua ufunguo, nikamvika mmoja wao, Mama Zaituni, na hotuba juu: "Kuanzia leo nimegawa kazi! Stoo ni ya Mama Zaituni!" Wakapiga vigelegele. Yaani nilijisikia mtu mkubwa.

Ningenyamaza hapo ingekuwa heri. Lakini nilipofika mlangoni nikageuka.

"Lakini usifungue mpaka mimi niseme. Unanipigia telefone kwanza."

Mama Zaituni akaniangalia. "Na ukiwa hupatikani?"

"Mimi? Mimi napatikana sikuzote!"

Saluni kwa Ramazani, telefone yangu ikawa imekufa, nikampa anishajie (nusu ya soko wanashajia kwake, ukiingia unadhani ni duka la waya). Akanipaka kanta kichwa kizima mpaka kwenye nyusi. Mara umeme ukaondoka. Sikujali. Nimefumba macho, naota nimekuwa kijana, ndipo nikasikia juu ya bati: ta. Ta. Ta-ta-ta.

Mvua, jamani! Nikaruka kitini.

"Mzee, kanta haijashika!" Ramazani akapiga kelele.

"Itashika njiani!"

Nikatoka vile vile, kitambaa cha saluni shingoni kinapepea nyuma kama mabawa, kandambili moja imebaki kwake, mvua inanipiga, na ile dawa nyeusi inashuka puani, mashavuni, kwenye kanzu nyeupe niliyovaa kwa ajili ya mgeni. Vijana wa pikipiki wakashangilia: "Mutama, mzee wetu, anakimbiza ujana wake!" Mama muuza mawese akaniita, "Yooo, muzee, nani amekufa?" Nikamjibu, "Bado!"

Kufika uwanjani, hamtaamini. Bamama wamesimama kuzunguka vichanja, wameloa, wengine wametandaza vitenge vyao juu ya samaki, na Mama Zaituni yuko mlangoni pa stoo, ufunguo ameshauingiza kwenye kufuli, hajauzungusha, telefone iko sikioni.

"Kwa nini hamfungui?"

"Ulisema mpaka useme."

"Si mnaona mvua?"

"Mvua tunaiona, shefu. Neno lako ndiyo hatujasikia."

Na hakunikejeli, anasema kweli. Mara ya mwisho alipogeuza samaki bila kuniuliza nilimgombeza mbele ya wakwe zake. Basi pale kwenye mvua nikamsikia bibi yangu, marehemu: ulituruhusu lini? Shiii.

"Fungueni!" nikalia. Wakafungua. Na mimi badala ya kukaa pembeni, nikajitupa kazini, nikainama juu ya kichanja cha kwanza nikusanye kwa mikono yangu miwili, nikapita cha pili, na cha tatu, naamuru huku nachota, mpaka nikasikia Mama Zaituni kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia uwanjani pale.

"Baba Asha! Toka kwenye samaki! Unatupaka rangi ndagala!"

Nikatazama chini. Kila nilipoinamia, samaki weusi. Zile mvua haikuharibu, nimeziharibu mimi kwa nywele. (Baadaye tuliwatupia bata. Bata walinusa wakaenda zao.)

"Nenda kasimame pale ukutani," Mama Zaituni akasema, "na usiguse kitu."

Nikaenda. Mikono inaniwasha, mdomo unaniwasha zaidi. Nikataka kusema waanzie upande wa ziwa, kumbe wameanzia upande wa barabara na inakwenda vizuri tu. Huyu anavuta shitingi, yule anaweka mawe, wengine wanatenga zilizoloa, na utani juu, wanacheka, jamani, wanacheka kwenye mvua! Miaka yote sijawahi kusikia kicheko kwenye kazi ile. Nusu kubwa ikapona.

Mvua ilipopungua mgeni akafika na mwavuli. Akatazama samaki, akatazama bamama, akanitazama mimi mistari mistari. "Shefu ni nani hapa?"

Wote wakageuza macho kwangu, mazoea. Moyo ulitaka kusema mimi. Nikanyoosha mkono, "Yule. Ufunguo wake, na neno lake."

Mama Zaituni hakuficha kitu: hizi kavu, hizi zimenyeshewa, zinangoja jua. Yule mama akaonja, akachukua zote kavu, akasema nyingine atarudia jua likishamaliza kazi yake. Halafu akauliza kwa sauti ya chini (nilisikia), "Na yule mzee?"

"Yule ni wetu," Mama Zaituni akajibu, "ila hatumuuzi."

Mgeni alirudi, na anarudi mpaka leo. Mimi nimeapa kanta sitagusa tena, na ukimpa mtu kazi mpe na kuamua, la sivyo umemvika chuma tu shingoni.

Nikaendelea kwenda uwanjani siku kadhaa, nikae tu, nizoee. Lakini kila mtu alipomwuliza Mama Zaituni jambo, jicho lilipita kwangu kwanza. Mpaka asubuhi moja wingu likapanda upande wa Kongo, jeusi, bamama wakaliangalia, kisha wakaniangalia mimi, hata Mama Zaituni. Neno likafika kooni kabisa. Nikachukua fimbo yangu.

"Murakoze, bamama. Amahoro." Yaani asanteni, kaeni kwa amani.

Nikapita mlangoni. Nyuma yangu nikasikia kufuli linafunguka, na shitingi zinavutwa, na mtu amecheka. Sikugeuka. Ndagala siku hizi nanunua sokoni kama watu wengine, na pale uwanjani sijarudi tena.