Pikapu Niliyomnunulia Mama

Niliwahi kumnunulia mama gari, na yeye akaniomba msamaha.

Usicheke. Mimi mwenyewe sijacheka mpaka leo.

Mimi ni fundi cherehani. Mama anasafishwa damu hospitali mara tatu kwa wiki, na teksi ya jirani iliyokuwa ikimpeleka ilikufa injini. Akikosa zamu mbili tu, uso unavimba, pumzi zinambana. Gari halikuwa mbwembwe.

Nikauza mashine yangu ya kudarizi. Nikapata magari mawili ya kuchagua, yote yamekula chumvi: saluni ya mwalimu mstaafu na pikapu ya muuza mbao.

Nikaenda na mume wa dada yangu. Tunamwita Profesa, kwa ujuaji wake.

Saluni iko chini, viti laini, ila inakwangua kila tuta. Pikapu imenyanyuka, injini safi, chasi haina kutu. Profesa akalala chini ya yote mawili, akatoka na vumbi mpaka kwenye kope.

"Shem, hapa hakuna mjadala. Pikapu hii itakuzika wewe."

Mwalimu aliniuliza swali moja tu.

"Mgonjwa wako anainua mguu mpaka wapi?"

"Mzee, nanunua gari mimi, sio ngazi."

Tukacheka na Profesa. Tukaondoka na pikapu.

Asubuhi yake mama akatoka, kavaa viatu vya safari. Akashika mlango, akainua mguu. Mguu ukaishia hewani.

Tukaleta stuli. Goti likatetemeka, nyonga ikagoma kukunjika. Tukajaribu kumbeba tumkalishe, akapiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwake.

"Nisamehe mwanangu," akasema huku anahema. "Umehangaika bure. Mbovu ni mimi."

Jamani. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Nikampigia mwalimu. Saluni ilishapata mtu jana ileile.

Na saa ya matibabu hiyo inafika. Tukatandika godoro nyuma, kwenye bodi. Wanaume wanne tukampandisha amelala. Jua lilikuwa kali, akajifunika shuka jeupe mpaka usoni. Profesa akaendesha taratibu, mimi nyuma nimemshika mama mkono.

Njiani watu wakaanza kusimama. Wengine wakavua kofia. Sikuelewa mpaka tulipofika getini.

Mlinzi akafungua haraka, kainamisha kichwa.

"Poleni sana na msiba. Chumba cha maiti ni kule nyuma."



Chini ya shuka mama akajibu, "Bado, baba. Tupeleke kwanza kwa walio hai."

Mlinzi nusura akimbie. Profesa alicheka mpaka akaegemea usukani. Mimi nililia kama mtoto, mbele za watu.

Jioni nilichukua futi yangu ya kupimia nguo, nikapima kutoka chini mpaka kwenye kiti cha pikapu. Kisha nikapima mguu wa mama unapoishia. Ilinichukua dakika moja. Nimepima viuno vya nusu ya mtaa huu, mama yangu sikumpima.

Pikapu haijapata mteja. Mashine haitarudi. Godoro bado liko kwenye bodi.

Ndugu zangu, kabla hujamnunulia mtu kitu, mpime yeye kwanza.

Kesho ni zamu yake tena. Ameniomba nimshonee shuka la maua mekundu, ili watu njiani wajue kuwa aliyelala yuko hai.