Njiwa Mwenye Jina la Mdogo Wangu

Baba alimwita njiwa kwa jina la mdogo wangu Jumanne moja asubuhi, mimi nikiwa jikoni nachemsha chai. Mdogo wangu alifariki katika kambi ya wakimbizi Kigoma akiwa na miaka minne. Tangu tulipomzika, jina lake halikuwahi kutajwa nyumbani kwetu. Mama hakulitaja mpaka naye akaondoka duniani. Kaka hakulitaja, wala mimi. Tulikuwa tukilizunguka kama watu wanavyozunguka shimo la choo cha zamani, kila mmoja akijua lilipo bila kuonyeshwa. Sasa nililisikia likitoka roshani, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama ya mtu anayemwamsha mtoto.

"Umeamkaje?" baba aliuliza, akataja jina. "Hebu nione ulivyoamka."

Nilizima jiko nikasimama pale pale na kijiko mkononi. Nilimsikia akichuchumaa huku magoti yakilia, kisha akafungua kizimba na kuvuta karatasi ya chini. Nikamsikia akisema, "Vizuri, mama. Vizuri sana." Alipoingia ndani aliniomba chai kama siku nyingine zote, nami nikampa.

Njiwa yule nilimleta mimi mwenyewe. Kazi yangu ya siku zote ni kuhudumia wazee katika nyumba moja ya kutunzia wazee huko Irving, huku ng'ambo tulikohamishiwa kutoka kambini, lakini mwaka ule Jumamosi nilikuwa nafanya ghala huko Mesquite, kupanga maboksi. Ndiko nilikomkuta, chini ya mlango wa kupakulia mizigo, bawa moja limelegea, mguuni ana pete ya plastiki ya buluu. Msimamizi alisema nimtupe kwenye pipa. Nikamtia kwenye boksi tupu, nikaendesha naye mpaka kwetu Haltom City, anakwaruza kwa kucha njia nzima. Mwenye njiwa tulimpata kwa namba ya simu iliyoandikwa kwenye pete. Akasema njiwa wa mashindano akishapotea njia hana kazi naye tena, tukae naye tu.

Baba alikuwa amekaa miaka miwili bila kuongea sana. Mama alipofariki, alihamia kwangu na sanduku moja na rozari yake, akachagua kiti cha karibu na dirisha, akatulia hapo akiangalia magari ya wapangaji wenzetu. Lakini siku ile nilipofungua boksi aliinuka mwenyewe. Alimshika ndege kwa mkono mmoja, kidole gumba mgongoni na miguu katikati ya vidole, akamgeuza, akampapasa kidari, akanusa mdomo wake.

"Hajavunjika," alisema. "Amechoka tu. Tandika karatasi chini tuone atatoa nini."

Alikuwa amefuga njiwa Burundi kabla ya vita, na kambini pia, jozi tatu kwenye kibanda cha udongo juu ya nguzo. Nilikuwa nimeshasahau. Kuanzia siku hiyo kila asubuhi alitandika kizimbani vile vipeperushi vya supamaketi vinavyojaa kwenye sanduku la barua, na kesho yake akavitoa kwenye mwanga na kuviinamia, miwani imeshuka puani. Aliniita nami nijifunze. Kinyesi cha njiwa mzima, alisema, ni kidonge kidogo kigumu, rangi ya udongo, na juu kina weupe kama ugali ulioganda kwenye mwiko. Hakinuki. Ukikuta kiunyoya kimenata juu yake, shukuru Mungu. Akitoa maji baada ya kushtuka, usihangaike, subiri saa mbili uangalie tena. Weupe ukigeuka njano, ini lina shida. Kikiwa cheusi kama lami, kuna damu ndani.

"Na kikiwa kijani kibichi," alisema, "kile cha kung'aa, chembamba, hapo usingoje."

Aliposema hivyo aliangalia pembeni. Nilidhani jua linamsumbua macho.

Sikuwahi kumwona akikosea. Mwezi wa tatu wa kukaa naye, asubuhi moja nilikuta rundo kubwa laini, linanuka mpaka sebuleni, nikajua ndege anakufa. Baba alicheka, kicheko ambacho sijakisikia tangu tuhame. "Huyu ni jike," alisema. "Anaatamia. Akiatamia hujizuia siku nzima, kisha anatoka mara moja na kumaliza shida yake yote." Tulipoinua kibao cha pembeni tukakuta mayai mawili meupe, yasiyo na baba. Kwa hiyo nilimwamini. Nilimwachia ndege mzima mzima: chakula, maji, usafi. Nilifurahi kwamba ana kitu cha kuamkia.

Baada ya ile Jumanne nilimpigia kaka yangu Houston, nikamwambia baba amemtaja mdogo wetu. 

"Wazee huchanganya majina," kaka alisema. "Wewe ndiye unayefanya nao kazi, unajua."

Nilijua. Huko kazini nimeitwa dada, nimeitwa mama, nimeitwa mke wa mtu aliyekufa siku nyingi, na kila mara nimeitika bila kusita. Lakini huyu alikuwa baba yangu, na jina lilikuwa lile. Kila asubuhi nililisikia tena kupitia mlango wa kioo. Baada ya wiki moja niligundua kwamba nimeanza kulisubiri. Siku akichelewa kulitamka, nilisogea mlangoni, kama vile mdogo wangu kweli yuko nje pale na hajaamka.

Halafu asubuhi moja nilisikia nyumba nzima kimya. Nilitoka chumbani nikamkuta baba jikoni, amewasha bomba, mbele yake jagi la maji, sukari imemwagika mezani. Alikuwa anahesabu kwa sauti. Vijiko sita vya sukari. Nusu kijiko cha chumvi. Ndivyo tulivyofundishwa na wahudumu wa afya waliokuwa wakipita kambini mlango kwa mlango, maji ya mtoto anayeharisha.

"Baba, unafanya nini?"

Aligeuka. Akaniita kwa jina la mama, lile la zamani la Mama Fulani, na huyo fulani akiwa mdogo wangu. Akasema, "Umeona choo chake? Kijani. Maji matupu. Njoo uone."

Nilimfuata roshani. Juu ya picha za nyama na machungwa ya bei rahisi palikuwa na madoa membamba ya kijani cha kung'aa, kila moja limezungukwa na maji, kama mtu amemwaga rangi. Njiwa alikuwa amejikunja pembeni, manyoya yamevimba, macho yamefumba nusu. Baba alipiga magoti, akachovya kidole kwenye jagi na kumdondoshea tone mdomoni.

"Safari hii siendi kwenye posho," alisema.

"Posho gani, baba?"

"Nilikuwa nimeona, unajua. Asubuhi ile nilikuwa nimeona choo chake, nikajua si kizuri. Nikakwambia mpe maji, nami niwahi foleni kabla haijawa ndefu. Ukikosa siku yako ya posho, mnakaa wiki mbili na nini? Nikasema nikirudi tutampeleka zahanati." Alichovya tena kidole. "Nikapita kwanza kwenye kibanda kuwaangalia njiwa. Nikawaangalia wote sita, mmoja mmoja. Halafu ndipo nikaenda."

Mimi nilikuwa na miaka tisa wakati ule. Ninachokumbuka ni baba akiingia mlangoni na gunia la unga begani, na mama akiwa ameketi sakafuni, hamwangalii. Nakumbuka gunia lilikaa mlangoni siku nyingi bila mtu kulifungua. Sikuwahi kujua kwamba alikuwa ameona. Wala sijui kama mama alijua, na hakuna tena wa kumuuliza.

Nilichuchumaa karibu naye. Sikumwambia mimi si mama. Nilisema, "Basi leo hatungoji. Chukua koti."

Kuna daktari wa ndege upande wa Fort Worth, mwanamke mwenye mikono midogo na sauti ya chini. Nilipiga simu kazini Irving nikaomba ruhusa, nikampakia baba na boksi mapajani. Tulipofika, daktari alimtoa njiwa, akampima, akampapasa gole, ule mfuko wa chakula shingoni, kisha kidari. Akachukua kidole changu akakiweka pale. Mfupa wa katikati ulikuwa mkali kama upande wa kisu. Aliniambia kwa Kiingereza, nami nikawa namtafsiria baba, mpaka nilipofika mahali nikashindwa.

Alisema ndege huyu haumwi. Kile kijani ni nyongo tupu. Njiwa asipokula, tumbo halina cha kutoa ila nyongo na maji. Gole lake halina hata punje moja.

"Nani humlisha?" daktari aliuliza.

Nilimwuliza baba. "Mimi," alisema, kwa fahari kidogo.

"Jana alikula nini?"

"Mtama na mahindi yaliyovunjwa. Kama kawaida."

"Na juzi?"

"Vilevile."

Hakuwa anadanganya. Nilimtazama usoni nikaona kwamba analiona lile bakuli limejaa, anaona mkono wake ukimimina. Daktari alimtazama yeye, akanitazama mimi. Akamlisha njiwa uji kwa mrija mwembamba. Baba alisimama karibu, amevua kofia, ameikunja mikononi kama tulivyokuwa tunasimama mbele ya maofisa wa kambi.

Tuliporudi nilifungua kabati. Mfuko wa mtama nilionunua wiki mbili kabla ulikuwa haujakatwa uzi. Nyuma yake kulikuwa na mkate uliokauka, na dawa za presha za baba za mwezi mzima, kila kidonge mahali pake. Nilikaa sakafuni. Kila siku nilikuwa natoka asubuhi kwenda kuwauliza wazee wa watu wengine kama wamekula, kama wamemeza, kama wamepata choo na ni cha namna gani, nikiandika yote kwenye fomu. Baba yangu nilikuwa namuuliza, "Umeshindaje?" naye anajibu, "Salama," nami naenda kuoga.

Kaka alikuja Jumamosi. Mkewe anashinda nyumbani, nyumba yao ina chumba chini, hakuna ngazi. Tukakubaliana baba aende Houston. Baba hakubisha. Aliuliza tu, "Na mtoto?" Kaka akageuza uso. Mtoto wao mdogo ana pumu, ndege hawezi kukaa mle ndani.

"Mtoto atabaki na mimi kwanza, mpaka apone," nilisema.

"Uangalie kila siku."

"Nitaangalia."

"Uniambie."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kumpigia simu kila asubuhi kabla ya kazi. Nilitandika karatasi, nikaichukua kwenye mwanga, nikamsomea kilichopo. Siku za kwanza bado kijani, lakini kimeanza kushikana. Baadaye rangi ya udongo. Baadaye kiunyoya. Baba alisikiliza, akauliza maswali ya mtu mwenye akili timamu: kimekauka au kibichi, vidonge vingapi, weupe uko juu au umeenea? Halafu akasema, "Mungu ni mwema," akarudisha simu kwa kaka. Mkewe kaka aliniambia kwamba baada ya simu hiyo ndipo anapokubali kula.

Mwezi wa nne tangu baba aondoke, Jumapili baada ya misa, nilimtoa njiwa aote jua juu ya ukingo wa roshani. Bawa lake lilikuwa limepona. Niliingia kuchukua maji. Niliporudi mwewe alikuwa anaondoka juu ya mapaa, mzito, na ukingoni palikuwa na manyoya machache na doa moja la damu dogo kuliko shilingi. Nililifuta kwa mkono. Sikulia mpaka nilipojiona nimeshika simu.

Kesho yake baba alipopokea, niliangalia karatasi safi isiyo na kitu na kusema, "Kigumu. Kizuri. Vidonge vinane."

"Weupe?"

"Upo juu."

Kaka alikasirika. "Unamdanganya mzee," alisema. "Ataanza kukuuliza lini atamwona, utasema nini?" Nilijua tu kwamba mtu mmoja hawezi kuambiwa mara mbili kwamba mtoto huyohuyo amekufa, na kwamba mimi siwezi kuwa wa kumwambia. Miezi mitano niliendelea. Nilitandika karatasi mpya kila asubuhi kwenye kizimba kitupu, maana bila kuitazama sikuweza kusema. Mara nyingine nilisema jina, nikasikia sauti yangu ikilitamka roshani, nikageuka kuona nani ameingia.

Halafu Alhamisi moja nilipiga, naye hakuningoja niseme.

"Usijisumbue tena, mwanangu," alisema, na mara hii aliniita kwa jina langu. "Yuko hapa. Alifika jana."

"Nani, baba?"

"Mtoto. Amekaa nje kwenye ukuta. Nimemwona anakula, na nimeona choo chake. Ni mzima. Hata hajakasirika."

Kaka alichukua simu. Nilimsikia akipumua, nikasikia mlango ukifunguliwa na sauti za nje, magari na mashine ya kukata majani. Nilingoja. Alikaa huko nje muda mrefu kuliko mtu anayekwenda kutazama ukuta.

"Utachelewa kazini," hatimaye alisema. Sikumwuliza ukutani ameona nini; nikamwambia ni kweli, nitachelewa, na tukaagana.