Siku Skripti Yangu Ilipompiga Mama Mkwe Rungu

Hii hadithi siisemi mbele ya watoto wangu, lakini nyinyi ni marafiki, na afadhali mnicheke nikiwepo. Mimi, Njoroge wa Kitale, fundi wa kompyuta niliyetafutwa hata na walimu, niliwahi kumpiga mama mkwe rungu mbele ya ukoo mzima. Mara mbili.

Ilikuwa miaka ile saiba, vile vyumba vya kulipia intaneti, zinafunguliwa kila kona, kabla simu hazijatuharibu. Wafula, kaka yake Nekesa (Nekesa ndiye niliyekuwa nimemchumbia), alikuwa anafungua saiba yake Bungoma mjini, akaniomba niweke mchezo ambao wageni wangecheza pamoja kwenye kompyuta zote. Mchezo wenyewe ulikuwa maandishi matupu: unaandika "nenda sokoni", nayo kompyuta inakwambia umekutana na nani. Niliutafsiri wote kwa Kiswahili, halafu, kwa kuwa ningekuwa nakimbia huku na kule kusaidia wageni, nikaandika skripti, yaani maagizo kwa lugha ya kompyuta iitwayo Lua, ya kumchezesha mtu wangu wa mchezoni, Kapteni, bila mimi kugusa kitu. Akikutana na mtu, skripti inatafuta jina lake kwenye jedwali: adui anapigwa rungu, rafiki anashikwa mkono. Bana, ilifanya kazi mpaka nikajipigia makofi peke yangu.

Asubuhi ya kuondoka Kitale nikachoka kuorodhesha maadui (fisi, wezi, majitu, hawaishi), nikaona nigeuze sharti: yeyote asiye rafiki, piga. Marafiki niliwaandika wote, familia nzima ya Nekesa, isipokuwa mmoja. Kwao mkwe hamshiki mama mkwe mkono, haketi karibu naye, na jina lake halitaji ovyo. Nekesa alikuwa amenionya mpaka nikaota. Sasa mimi ni nani niliandike kwenye kompyuta? Nikaliacha kwa heshima, na pia sikudhani mama wa watu angeketi kucheza.

Aliketi. Siku ya ufunguzi, ukoo mzima ukiwa umejaa saibani, akaandika jina lake (hata leo silitaji, mtamwita Mama tu), akaingia sokoni. Mjomba wa akina Nekesa, mwalimu mstaafu, ndiye aliyekuwa akiwasomea wageni yaliyotokea kwenye skrini kubwa, na ndiye huyo huyo angeongoza mazungumzo ya mahari mwezi uliofuata.

"Kapteni amempiga Mama rungu," akasoma, kisha akavua miwani. "Huyu Kapteni ni nani?"

Wafula akaninyooshea kidole, msaliti yule. Mama akafufuka (mchezo hufufua watu), akarudi sokoni kwa upole wake, akapigwa tena.

Kosa nililiona papo hapo, hilo mnipe. Ukiiuliza Lua jina ambalo halimo kwenye jedwali, inajibu nil, yaani hakuna kitu, na "hakuna kitu" si rafiki, basi rungu. Njia fupi ilikuwa kuongeza jina lake, lakini ukoo ulikuwa umesimama nyuma ya kiti changu unaniangalia vidole. Nikageuza sharti: piga adui peke yake, wengine wote wasalimie. Nikaiwasha upya, nikasimama, nikatangaza, "Imepona!"

"Kapteni amemshika Mama mkono," Mjomba akasoma.

Heri rungu! Mashangazi walipiga mayowe, Nekesa akajifunika uso kwa leso, na Mjomba akauliza, "Ati hii kompyuta inatafutia huyu kijana laana, ama ni yeye anajitafutia?" Nikaketi tena, nikiona harusi yangu inaondoka hivi hivi. Nikaandika mara ya tatu: Lua ikijibu nil, Kapteni asogee kando, anyamaze.

"Kapteni amesogea kando," Mjomba akasoma. Tukangoja. Hakuna lingine lililotokea.

Ndipo Mama akasema kutoka ule upande mwingine wa chumba, bila kunitazama, "Mwambieni huyo mtoto anieleze. Naambiwa watu wote wako kwa hiyo orodha yake. Mimi kwa nini siko?"

Nikamwambia Wafula amwambie (ingawa alikuwa ananisikia vizuri), "Mwambie Mama niliogopa kuandika jina lake."

Mabega ya Mama yakaanza kutikisika, nikajua nimemliza.

"Kumbe nimepigwa kwa heshima!" akasema, akacheka mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka.

"Kondoo wa faini ataletwa," Mjomba akasema, naye akicheka, "hiyo mkono haiwezi kupita bure." Nikampeleka kondoo mwenyewe, na Nekesa nikapewa.

Aibu ilikuwa aibu, sikatai. Lakini nitajieni fundi mwingine, Kitale na Bungoma zote, aliyerekebisha skripti huku wakwe wakimpumulia shingoni, na ikakubali. Najivunia mpaka leo. Ila niliapa, na kiapo nimekishika: sitaandika tena sharti la kumpiga mtu kwa sababu tu simjui. Nisiyemjua nampisha kwanza, halafu naulizia yeye ni mama wa nani.